Breki, wito wa kiwanda na gharama za ghafla: mwongozo kwa wenye magari wa Tanga

Miezi michache baada ya kununua gari langu la kwanza nilipanda nalo Lushoto kwenye msiba wa ndugu, na wakati wa kushuka kurudi Mombo, katika zile kona zinazofuatana ubavuni mwa mlima, pedali ya breki ilianza kuzama polepole chini ya mguu wangu. Nilifika bondeni kwa gia namba moja, nikitetemeka. Gereji ya kwanza ilinibadilishia pedi za mbele. Wiki mbili baadaye pedali ikazama tena, nikabadilishiwa diski. Mara ya tatu nilimwendea fundi mzee wa Makorora, naye hakugusa gurudumu hata moja: alikanyaga pedali, akaushikilia mguu wake pale kwa muda, akaniambia, "Bwana, masta silinda yako inavuja kwa ndani," yaani ile pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu. Baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba namba ya chesisi ya gari lile ilikuwamo katika orodha ya magari ambayo mtengenezaji alikwisha kuyaita yarekebishwe sehemu hiyohiyo, na kwamba wito huo ulitolewa kabla gari halijapanda meli. Nililipa mara tatu kwa kasoro iliyokuwa ikijulikana.

Nimeuandika mwongozo huu ili mwenzangu wa Tanga, Muheza, Pangani au Korogwe asiipite njia hiyo. Hoja yake kuu ni moja: kabla hujaruhusu gurudumu lifunguliwe, tafuta kwanza kama kiwanda chenyewe kimekwisha kusema kuna kasoro, kwa sababu barua ya kiwanda haitakufikia wewe.

Kwa nini barua haifiki

Mtengenezaji wa magari anapogundua kwamba sehemu fulani ya modeli fulani ina kasoro ya usalama, huyaita magari yote yaliyotengenezwa na sehemu hiyo ili yarekebishwe bila malipo. Anwani anazozitumia ni zile za daftari la usajili la nchi ambako gari liliuzwa likiwa jipya. Magari yetu mengi yametumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kuletwa huku. Mmiliki wa kwanza aliyeko Nagoya ameliuza, mnada umelipokea, msafirishaji amelipakia, na barua inabaki Japani huku gari likiwa limeegeshwa Chumbageni. Ikiwa wito umetolewa baada ya gari kuondoka, basi hakuna hata mtu mmoja katika mnyororo huo anayewajibika kukutafuta.

Mifano ya kweli ipo, na kila mmoja una funzo lake. Februari 2010 Toyota iliita takriban magari 437,000 ya haibridi (yanayotumia petroli na umeme) duniani, mengi yakiwa Prius, kwa sababu programu ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki, ilichelewesha kidogo nguvu ya breki gari lilipopita kwenye barabara yenye matuta au utelezi. Tiba ilikuwa kubadilisha programu hiyo. Mwenye gari la namna hiyo angeweza kubadilisha pedi kila mwezi, na breki zingeendelea kumpa mashaka yaleyale. Oktoba mwaka huohuo kampuni hiyo iliita takriban magari milioni 1.5, kwa sababu raba ya masta silinda iliweza kukauka na kuvujisha endapo mafuta ya breki yasiyo na viambato fulani yangetumika. Mwaka 2022 Mercedes-Benz iliita karibu magari milioni moja ya modeli za ML, GL na R yaliyotengenezwa kati ya 2004 na 2015, ikawataka wenye magari waache kuyaendesha mpaka yakaguliwe, kwa kuwa unyevu uliweza kusababisha kutu kwenye busta ya breki, kifaa kinachouongezea nguvu mguu wako unapokanyaga pedali, ambacho mafundi wetu hukiita hidrovaki. Septemba 2023 Hyundai na Kia ziliita zaidi ya magari milioni 3.3 nchini Marekani, kwa sababu kifaa cha ABS kiliweza kuvujisha mafuta ya breki ndani yake, umeme ukapiga shoti na moto ukawaka hata gari likiwa limezimwa. Wenye magari hayo walishauriwa wayaegeshe nje, mbali na nyumba.

Huo wa Mercedes-Benz huwa naurudia kwa watu wa pwani. Unyevu uliotiliwa shaka katika wito ule sisi tunaishi nao mwaka mzima, na pamoja nao tunao upepo wa chumvi kutoka baharini.

Hatua ya kwanza: amua kama gari litembee au lisitembee

Uamuzi huu unatangulia simu, fundi na fedha. Taa nyekundu ya breki ikiwaka wakati breki ya mkono imeshushwa, pedali ikifika sakafuni, au ukiona majimaji upande wa ndani wa gurudumu au chini ya pedali, gari lisiendeshwe hata kama gereji iko mtaa wa pili. Mwite fundi alikuta gari lilipo, au lipa gari la kulivuta. Taa ya ABS yenyewe peke yake ina maana tofauti: breki za kawaida bado zinafanya kazi, ila magurudumu yanaweza kujifunga na kuteleza ukikanyaga kwa nguvu, kwa hiyo unaweza kwenda gereji ukiendesha polepole na ukiacha nafasi kubwa mbele yako.

Ikitokea breki zikakuachia mteremkoni, kama vile Mombo au njia ya Muheza kupanda Amani, kanyaga pedali harakaharaka mara kadhaa ili kurudisha shinikizo, rudi gia za chini moja baada ya nyingine, na uvute breki ya mkono kidogokidogo huku umeshikilia kitufe chake ili uweze kuilegeza. Usizime injini, maana usukani utakuwa mzito na msaada wa hidrovaki utakwisha.

Hatua ya pili: pata namba ya chesisi iliyo sahihi

Namba hiyo iko kwenye kadi ya gari, lakini isome pia kwenye bodi la gari lenyewe, kwa sababu makosa ya kunakili hutokea. Katika magari mengi ya Japani imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, na katika baadhi ya modeli iko sakafuni chini ya kiti cha mbele. Ipige picha. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi: herufi na tarakimu chache zinazotaja modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Gari lililotengenezwa kwa soko la Ulaya au Marekani huwa na namba ya herufi na tarakimu 17, na ndani yake hutakuta kamwe herufi I, O wala Q, kwa hiyo unachodhani ni O ni sifuri. Ikiwa namba ya kwenye kadi na ya kwenye bodi hazifanani, una tatizo kubwa kuliko breki, na unapaswa kulipeleka TRA kabla ya jambo jingine lolote.

Hatua ya tatu: tafuta wito wewe mwenyewe

Kwa gari la soko la Japani, ingia kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyolitengeneza, utafute ukurasa wa wito, uandike namba ya chesisi pamoja na kistari chake. Tovuti ya kampuni hiyohiyo kwa Kiingereza au ya nchi nyingine mara nyingi hailitambui gari la soko la Japani, na hapo wengi huamini kwamba gari lao ni salama kumbe wameuliza mlango usio wao. Ukurasa utakuwa kwa Kijapani, lakini simu ya kawaida yenye programu ya kutafsiri itakuonyesha ya kutosha: kama kuna wito, tarehe yake, sehemu inayohusika, na mara nyingi kama kazi imefanyika au haijafanyika. Wizara ya usafiri ya Japani nayo huweka kumbukumbu za wito wa kampuni zote. Kwa gari lililotoka Marekani, mamlaka ya usalama barabarani ya huko, NHTSA, ina ukurasa unaopokea namba ya tarakimu 17. Kwa gari lililotoka Uingereza, unaweza kutumia namba ya usajili iliyokuwa nayo huko.

Kazi hii haimalizi nusu saa wala haikugharimu zaidi ya bando la intaneti. Ukiona ni ngumu, mtafute kijana wa nyumbani au wa mtaani akusaidie, lakini ukae naye, usome, na uhifadhi picha ya kila ukurasa ukiwa na tarehe. Irudie kila baada ya miezi 6, kwa sababu wito mpya hutolewa hata kwa magari yenye umri mkubwa.

Hatua ya nne: ukikuta wito ambao haujatekelezwa

Wasiliana na wakala rasmi wa kampuni hiyo hapa nchini kwa maandishi, na umtumie namba ya chesisi, picha ya ukurasa na namba ya wito. Lazima niseme ukweli ambao hauwapendezi wengi: sheria inayomlazimisha mtengenezaji kurekebisha bure ni ya nchi ambako wito umetolewa. Hata Marekani kwenyewe haki hiyo ina kikomo, kwani kwa kawaida huwahusu wenye magari yasiyozidi miaka 15 tangu yauzwe mara ya kwanza. Wakala wa hapa anaweza kukubali kuifanya kazi, anaweza kukuuzia sehemu kwa bei yake, au anaweza kukataa kwa sababu gari halikupitia kwake. Omba jibu lake, lolote lile, liwe la maandishi. Mawakala wengi wako Dar es Salaam, takriban kilomita 350 kutoka kwetu, kwa hiyo usiondoke Tanga kabla hujahakikishiwa siku, sehemu kuwepo na gharama, na kamwe usiende huko kwa gari ambalo hatua ya kwanza imelizuia kutembea.

Hata wakala akikataa, hukupoteza muda wako. Sasa unajua jina la sehemu yenye kasoro, na fundi wako wa Ngamiani ataanzia hapo badala ya kubahatisha kwa fedha zako. Kama tiba ni ya programu, usimruhusu mtu yeyote afungue gurudumu. Mtafute mwenye mashine ya kupima gari kwa kompyuta inayoiweza modeli yako, na umuulize waziwazi kama ana programu mpya au anaweza tu kufuta taa.

Hatua ya tano: isikilize pedali kabla ya kumsikiliza fundi

Mwenye gari asiye fundi anaweza kujipunguzia gharama kubwa kwa kueleza dalili kwa usahihi. Washa injini gari likiwa limesimama, kanyaga pedali kwa nguvu ya wastani na uishikilie kwa nusu dakika. Ikizama taratibu bila kuvuja popote nje, shuku masta silinda. Ikiwa laini kama sponji lakini ikapanda unapoikanyaga mara kadhaa, kuna upepo kwenye mabomba au mafuta ya breki yamechoka. Kisha zima injini, kanyaga mara tano ili umalize nguvu iliyobaki kwenye hidrovaki, shikilia pedali na uwashe injini: pedali yenye afya hushuka kidogo. Isiposhuka, na hasa ikiwa ngumu kama jiwe, hidrovaki au bomba lake la upepo ndilo la kuangaliwa.

Usukani ukitikisika unapofunga breki, mara nyingi diski hazina unene sawa. Gari likivutwa upande mmoja na gurudumu moja likawa la moto kuliko mwenzake baada ya safari, kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, imekwama. Mlio mkali wa chuma kwa kawaida ni pedi zilizokwisha. Pedi mpya huwa na unene wa takriban milimita 10 hadi 12, na ikibaki milimita 3 ni wakati wa kubadilisha. Diski nayo ina unene wa mwisho uliogongwa pembeni au katikati yake. Mwambie fundi akuonyeshe namba hiyo na apime mbele yako, kwa sababu diski iliyochongwa kupita kipimo hicho hupata joto haraka na inaweza kupasuka.

Hatua ya sita: makubaliano kabla ya spana

Gharama nyingi za ghafla huzaliwa na sentensi moja: "Bosi, tukishafungua ndiyo tutajua." Mara nyingine fundi anasema kweli, kwani kuna mambo yasiyoonekana kwa nje. Kinachohitajika ni kuigawa kazi mara mbili. Kubaliana naye kwanza bei ya kufungua na kukagua magurudumu yote manne, ulipe hiyo, kisha akuandikie orodha inayotenganisha bei ya kila spea na bei ya ufundi. Kikaratasi cha daftari kinatosha, kikiwa na tarehe, jina na saini. Mwambie mapema, kwa heshima na mbele ya mwenye gereji, kwamba kila nyongeza ataipigia simu kabla ya kuifanya, na kwamba spea zote za zamani utaondoka nazo kwenye mfuko. Fundi mwaminifu hakasirishwi na masharti haya. Nimeyatumia kwa miaka mingi Ngamiani na Chumbageni, na waliokasirika walikuwa walewale ambao baadaye nilisikia wateja wao wakilalamika.

Pedi, breki shuu na diski hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia kwa pamoja. Hiyo si hila ya kukuongezea gharama; breki zisizolingana hulivuta gari upande. Lakini kubadilisha mbele hakulazimishi kubadilisha nyuma, ambako pedi na shuu huchakaa polepole zaidi.

Hatua ya saba: spea na mafuta ya breki

Kuhusu spea za mtumba nina msimamo mkali. Kalipa ya mtumba inaweza kukubalika ikifungwa raba mpya. Pedi, mipira ya breki na masta silinda za mtumba usizikubali kwa bei yoyote, kwa kuwa huwezi kujua zimepita wapi. Kuhusu feki, nunua mwenyewe dukani ukiwa na pedi ya zamani mkononi, linganisha bamba la chuma la nyuma na namba zilizogongwa, kagua kama kitambaa cha pedi kina nyufa au kimebanduka pembeni, na udai risiti ya EFD. Duka lisilotaka kutoa risiti kwa kifaa kinachobeba uhai wa familia yako halistahili fedha yako.

Mafuta ya breki yanahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapa pwani ndiyo yanayopuuzwa kuliko yote. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 3 mpya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanzia nyuzi 230 na kushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu joto la breki hupita viwango hivyo vya chini kwa urahisi, mafuta huchemka, mvuke hujaa kwenye mabomba, na kwa kuwa mvuke hubanwa, pedali hushuka bila gari kusimama. Ndiyo maana gari linalokwenda vizuri katika tambarare ya mjini linaweza kukuangusha mlimani. Badilisha mafuta yote kila baada ya miaka 2, na usingoje yawe meusi. Nunua chupa ndogo ambayo lakiri yake haijavunjwa, na usikubali kuongezewa kutoka kopo lililokaa wazi gereji tangu juma lililopita. Soma kifuniko cha tangi la breki la gari lako, kwa maana kimeandikwa aina inayotakiwa. Mtu akikutilia humo mafuta ya injini au ya gia, usiwashe gari: raba zote zitavimba, na kile kilichoanza kama kosa la dakika moja kitakuwa ununuzi wa mfumo mzima.

Kama unaishi Raskazone au karibu na ufuko wowote, mwombe fundi akague kwa tochi mabomba ya chuma yanayopita chini ya gari kila anapoliinua. Kutu huanzia pale bomba linaposhikwa na klipu, mahali ambapo jicho haliendi.

Hatua ya nane: jaribu kabla ya kulipa salio

Ukiwa na fundi pembeni, rudia vipimo vya pedali vya hatua ya tano, kisha mwende barabara tulivu, mfunge breki mara kadhaa kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa bila kukanyaga kwa ghafla. Gari lisimame sawasawa, usukani utulie, na magurudumu yasitoe harufu ya kuungua. Pedi mpya zinahitaji upole kwa kilomita 300 za mwanzo hivi, kwa hiyo usizifunge Ijumaa halafu Jumamosi ukapanda Lushoto na familia.

Hatua ya tisa: kibubu cha gari

Bima kubwa hailipi pedi zilizokwisha, na bima ndogo haiwezi kulirekebisha gari lako kwa jambo lolote. Kwa hiyo fedha ya breki lazima itoke kwako. Mwenye kuweka shilingi 5,000 kila juma hupata 260,000 kwa mwaka, na akizitenga katika akaunti au laini ya simu isiyotumika kwa matumizi ya nyumbani, siku fundi atakapotaja bei hatalazimika kuchagua kati ya breki na ada ya shule. Fedha ikipungua siku hiyo, anza na kinachovuja, kisha kinachokwama, kisha kilichochakaa. Mlio mdogo, usio ule mkali wa chuma, na mtikisiko mdogo vinaweza kusubiri mwisho wa mwezi, lakini kuvuja hakusubiri hata siku moja.

Ukiuziwa spea feki au kazi mbovu

Rudi kwa aliyekuuzia kwanza, ukiwa na karatasi ya makubaliano, risiti na spea zenyewe. Mpe siku ya mwisho ya kujibu. Asiposikia, Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya walaji, na bidhaa isiyokidhi viwango unaweza kuiripoti kwa Shirika la Viwango Tanzania. Madai ya kurudishiwa fedha unaweza kuyapeleka mahakamani, na huko karatasi zako ndizo zitakazozungumza.

Karatasi hizo, pamoja na picha za kurasa za wito, jibu la wakala, tarehe ya mafuta ya breki na kilomita zilizosomeka siku ya kila kazi, ziweke katika daftari moja ndani ya gari na nakala nyumbani. Siku utakapoliuza, mkabidhi mnunuzi daftari hilo pamoja na kadi, na umwonyeshe ukurasa wenye namba ya wito, kwa sababu barua ya kiwanda haitamfikia yeye pia.